Taarifa ikae wapi: linki, kuki, localStorage, propsi au stoo ya pamoja?

Kama umeshajenga saiti yenye kurasa zaidi ya moja hili tatizo unalijua, mteja kachagua kitu ukurasa wa kwanza, anaingia wa pili, taarifa haipo. Au umetengeneza kadi ya bidhaa ukaipenda unaitumia kila ukurasa, afu ile namba ya kikapu kule juu haina habari kwamba kadi imebonyezwa. Vijana wengi huku mwisho wa reli wanaojifunza React, Vue (zana za JavaScript za kujengea kurasa) au PHP ya kawaida (lugha ya upande wa seva) wanakwama hapohapo, na wengi wanashika njia moja waliyoikuta kwenye video wanaipa kazi zote. Njia kubwa ziko tano na kila moja ina kazi yake, kwaiyo naziweka zote mezani uchague kulingana na mradi wako.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Tuseme unajenga saiti ya bidhaa za Kigoma: dagaa wa Kibirizi, migebuka wakavu, mawese kwa dumu la lita 20, chumvi ya Uvinza. Wateja wako Dar na Mwanza, wengine Bujumbura na Kalemie, kwaiyo saiti ina Kiswahili na Kifaransa. Kuna ukurasa wa orodha ambao unachuja bidhaa, ukurasa wa bidhaa moja, kikapu, na sehemu ya muuzaji kuingia kwa neno la siri.

Vigezo kwanza

La kwanza kabisa: nani anaihitaji hiyo taarifa? Ni ukurasa mwingine, ni komponenti nyingine (yaani kipande cha ukurasa, kama kadi au kitufe) ndani ya ukurasa huohuo, au ni seva? Hapa ndo watu wanachanganya sana, maana ukirefreshi ukurasa au ukihamia mwingine unaoloadi upya, kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya JavaScript kinafutika chote. Kwaiyo njia za komponenti peke yake hazivushi kitu kwenda ukurasa mwingine, na njia za kurasa hazikusaidii sana kuishtua komponenti iliyo jirani sasa hivi.

La pili ni muda, inatakiwa iishi sekunde, siku, au mpaka mtu aifute mwenyewe? La tatu ni WhatsApp. Huku biashara inatembea WhatsApp, mteja anaona mzigo, anakopi linki, anamtumia mwenzake Kariakoo au dada yake Kasulu, je anayefungua anaona kilekile? La nne ni nani mwingine anaweza kuiona au kuibadilisha, na hili kwetu lina uzito wake kwasababu simu moja inatumiwa na watu wawili watatu nyumbani na wengine wanaingilia kompyuta ya stationery pale Mwanga, mtu akiondoka anakaa mwingine. La tano mtandao na nguvu ya simu, yaani bando dogo, simu ya bei nafuu, network inayokatika ukishatoka mjini. La mwisho ni kazi yenyewe, kuandika leo na kurekebisha mwakani ukiwa umeshasahau.

1. Kuiweka kwenye linki

Hapa taarifa inakaa baada ya alama ya kuuliza, kama `?aina=dagaa&lugha=fr`.

Inafika wapi: ukurasa wowote unaofunguliwa na hiyo linki, na seva nayo inaisoma, isipokuwa kile kinachokuja baada ya alama ya # ambacho brauza haikitumi kwa seva. Kwenye JavaScript unasoma kwa URLSearchParams, usikate maandishi kwa mkono, maana mtu akiweka nafasi au alama ya & kwenye jina la bidhaa kila kitu kinavurugika.

Muda: maadamu linki ipo, taarifa ipo. Refreshi haiigusi. Ukichuja bila kuloadi ukurasa upya unaandika kwa history.pushState au history.replaceState, na tofauti yao mteja anaiona haswa: pushState inaongeza hatua kwenye kitufe cha kurudi nyuma, replaceState haiongezi. Mtu akiandika "migebuka" kwenye kisanduku cha kutafuta na we umeweka pushState kwa kila herufi, atabonyeza kurudi mara nane ndo atoke hapo. Mi kwa kutafuta natumia replaceState, kwa kubadilisha kundi la bidhaa natumia pushState.

Ikitumwa WhatsApp: hapa hakuna njia inayoikaribia. Anayefungua anaona walewale dagaa, kwa lugha ileile, kwa mpangilio uleule.

Usalama: chochote kwenye linki kinabaki kwenye historia ya brauza, kwenye rekodi za seva na kwenye kila screenshot. Namba ya simu ya mteja isikae humo, tokeni (ile alama ya siri inayothibitisha mtu ameingia akaunti) isikae humo. Na bei ndo kabisa, ukiandika `bei=45000` mtu anafuta sifuri moja anakutumia oda. Seva ichukue bei kwenye databesi yake yenyewe kwa kutumia namba ya bidhaa. Na hili haliishii kwenye linki, kuki ya kawaida na localStorage pia mtu anazibadilisha akiwa amekaa kitandani, kwaiyo kitu chochote kinachogusa pesa seva ikikague upya hata kama kimetoka kwenye ukurasa ulioutengeneza mwenyewe.

Mtandao na kazi: nyepesi, haihitaji laibrari. Ila urefu una kikomo, desturi ya kutozidi herufi 2000 hivi bado ni salama. Na kila kitu ni maandishi tu, ukisoma `ipo=false` unapata neno "false", na JavaScript inalihesabu kuwa kweli kwasababu sio tupu, hii imewasumbua wengi.

Inamfaa: mwenye kuchuja, kutafuta, namba ya ukurasa wa orodha, na bidhaa gani imefunguliwa.

2. Kuki na sesheni ya seva

Kuki ni kipande kidogo cha taarifa ambacho saiti inakiacha kwenye brauza ya mtu. Alizibuni Lou Montulli akiwa Netscape mwaka 1994, na tatizo lililokuwa mezani lilikuwa hilihili la kikapu cha kununulia, duka la mtandaoni halikutaka seva ibebe kikapu cha kila mtu. Ila leo matumizi yenye akili mara nyingi ni kinyume chake: kuki ibebe namba ndogo ya utambulisho tu, mzigo wenyewe ukae kwenye seva, na hiyo ndo inaitwa sesheni.

Inafika wapi: kila ukurasa wa domeni hiyo, na inaenda kwa seva yenyewe bila we kuandika chochote, kila ombi. Ndo maana usiipakie, nafasi yenyewe kwa kuki moja ni kama KB 4 tu.

Muda: unaupanga mwenyewe kwa Max-Age. Usipoupanga kuki inaondoka brauza ikifungwa, ingawa brauza zenye kurudisha vichupo vya jana zinaweza kuirudisha nayo. Upande wa seva kuna saa nyingine inayotembea, na hii watu wengi hawaijui: PHP kwa kawaida yake inahesabu data ya sesheni kuwa ya kufagiliwa baada ya sekunde 1440 bila kuguswa, yaani dakika 24. Muuzaji anajaza fomu ndefu ya mzigo, anaitwa mwaloni kupakua, anarudi anabonyeza tuma, anaambiwa aingie upya na fomu imefutika. Kama wateja wako wanafanya kazi huku wanajaza, ongeza huo muda kwa makusudi au hifadhi rasimu mahali pengine.

Ikitumwa WhatsApp: haiendi, na ndo tunachotaka kwa mambo ya kuingia akaunti.

Usalama: ukiweka HttpOnly JavaScript haiwezi kuisoma, kwaiyo hata mtu akifanikiwa kupenyeza skripti yake kwenye ukurasa wako hataibeba hiyo kuki. Weka na Secure isafiri kwa HTTPS tu, na SameSite=Lax saiti nyingine zisiitumie kukutumia fomu za uongo. Kwenye simu ya pamoja kitufe cha Toka kiue sesheni kwenye seva, kufuta kuki peke yake haitoshi. Na ukishaanza kutunza majina na namba za wateja kwenye seva ujue kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake, hata kama duka ni dogo.

Mtandao na kazi: bila network hakuna kitu, kila hatua inauliza seva. Kwa upande wa kuandika ni rahisi kama unatumia PHP, Laravel au Django maana kila kitu kimo ndani. Kama saiti yako ni faili tupu za HTML bila seva inayofanya kazi, hii haikuhusu kwa sasa.

Inamfaa: mwenye akaunti, mwenye oda, mwenye kikapu ambacho mtu anakianza kwenye simu anakimalizia kwenye kompyuta.

3. localStorage na sessionStorage

Hizi ni hifadhi mbili zilizomo ndani ya brauza ya mtu mwenyewe.

Inafika wapi: kurasa zote za asili moja, na asili maana yake itifaki, jina na poti kwa pamoja. Hapa soma taratibu: http na https ni asili mbili tofauti, na jina lenye www na lisilo na www ni asili mbili tofauti. Mteja akiweka dagaa kikapuni kwenye anwani yenye www afu linki ya WhatsApp ikamleta isiyo na www, kikapu ni kitupu, na we kwenye kompyuta yako huoni kosa lolote. Chagua moja, ile nyingine iielekeze huko kwa seva. Kingine, mtu anayefungua saiti ndani ya apu ya Facebook au Instagram anatumia brauza ya humohumo, alichohifadhi huko hatakikuta akifungua Chrome.

sessionStorage yenyewe ni ya kichupo kimoja tu, kichupo jirani hakioni.

Muda: localStorage inabaki mpaka ifutwe, ila Safari tangu 2020 inafuta hifadhi ya aina hii kama mtu ametumia brauza siku 7 bila kuigusa saiti yako. sessionStorage inavumilia refreshi, inaondoka kichupo kikifungwa. Kwaiyo kitu usichotaka kukipoteza kisiwe na nakala humu tu.

Ikitumwa WhatsApp: haiendi.

Usalama: kila skripti iliyomo kwenye ukurasa inaisoma, pamoja na zile ulizokopi za matangazo na takwimu. Tokeni ya kuingia siiweki humu na sishauri mtu aiweke. Na kwenye kompyuta ya stationery anayekaa baada yako anakuta ulichoacha, kwaiyo anwani ya mteja na namba yake ni bora zikae sessionStorage au zisikae kabisa.

Mtandao na kazi: hapa ndo nguvu yake. Haitumi chochote kwa seva, network ikikata kati ya Uvinza na mjini kikapu kipo palepale, mtu anaendelea kuongeza dumu la mawese na akipata mtandao anatuma. Nafasi ni kama MB 5 kwa asili. Inahifadhi maandishi tu kwaiyo unapitisha JSON.stringify ukiweka na JSON.parse ukitoa, na hiyo JSON.parse izungushie try na catch, maana siku ukibadilisha muundo wa kikapu wateja wa zamani bado wana muundo wa zamani kwenye simu zao na ukurasa mzima utakuwa mweupe. Mi nawashauri watu waweke namba ya toleo ndani ya data yenyewe tangu siku ya kwanza. Usirundike vitu vizito pia, kusoma na kuandika humu kunasimamisha kazi nyingine za ukurasa na simu dogo itaganda, vitu vikubwa kama orodha nzima ya bidhaa na picha vipeleke IndexedDB, hifadhi nyingine ya brauza ya vitu vikubwa.

Kuna tukio linaitwa storage linalokujulisha thamani ikibadilika, zuri sana kwa mtu aliyefungua vichupo viwili, ila linapigwa kwenye vichupo vingine tu, sio kile kilichoandika. Wengi wanaliweka ili namba ya kikapu ibadilike kwenye ukurasa uleule, wanasubiri hakuna kinachotokea, wanadhani brauza ni mbovu.

Inamfaa: kikapu cha mgeni asiye na akaunti, rasimu ya fomu, lugha aliyochagua, mandhari ya giza au mwanga.

4. Propsi kwenda chini, matukio kwenda juu

Sasa tumehamia ndani ya ukurasa mmoja. Komponenti mama inampa mtoto (komponenti iliyo ndani yake) taarifa kwa propsi, mtoto akibonyezwa anampigia mama tukio. React na Vue zote zinaenda hivo, kwenye Vue unatumia emit, kwenye React unapitisha fankisheni.

Inafika wapi: mzazi na mtoto, basi. Mtoto haruhusiwi kuibadilisha propsi aliyopewa, na hilo ndo linakuokoa, ukiona bei imekosewa kwenye kadi unajua ni mzazi gani wa kuuliza. Komponenti mbili za jirani zikitaka kushirikiana unaipandisha taarifa kwa mzazi wao wa pamoja.

Muda ni uhai wa ukurasa tu. WhatsApp haiendi. Usalama hauna la kuongeza zaidi ya yale ya bei niliyosema juu. Mtandao haigusi.

Kazi: kadi inayopokea jina, bei na picha kwa propsi unaihamisha mradi wowote bila kubeba kitu kingine, leo inauza dagaa kesho inaonyesha vyumba vya gesti Ujiji. Ubovu unaanza pale unapopitisha kitu ngazi nne tano kupitia komponenti ambazo zenyewe hazikihitaji.

Kama hutumii fremuweki kama hizo, au kipande kimoja kinatakiwa kifanye kazi kwenye WordPress, kwenye PHP na kwenye React, angalia webu komponenti za brauza yenyewe. Jina lake lazima liwe na kistari, kama `kadi-bidhaa`. Atributi za kwenye HTML zinabeba maandishi tu, obijekti nzima unaiweka kwa propati kwenye JavaScript. Kutoa taarifa nje unatumia CustomEvent, na kama umetumia Shadow DOM (ukuta unaotenga ndani ya komponenti na ukurasa wa nje) weka `bubbles: true` na `composed: true` la sivyo tukio linafia ndani. Wa React wajue kwamba matoleo ya kabla ya 19 yalikuwa yanapitisha karibu kila kitu kama atributi, obijekti yako inafika ikiwa neno lisilo na maana.

Inamfaa: karibu kila mtu anayeanza, na komponenti yoyote unayotaka kuitumia tena.

5. Konteksti na stoo ya pamoja

Hapa taarifa inakaa sehemu moja juu ya komponenti zote na yeyote anayeihitaji anaichota moja kwa moja. React ina Context, ile ya sasa ilikuja na toleo 16.3 mwaka 2018, Vue ina provide na inject, na juu ya hapo kuna laibrari za stoo kama Redux, Zustand, Pinia.

Inafika wapi: komponenti yoyote ya apu hiyo, hata iwe mbali. Namba ya kikapu kule juu na kadi huku chini zinasoma kitu kimoja.

Muda: ukirefreshi imeondoka, mpaka uiunganishe na localStorage au seva. Hili lisemwe kwa sauti kwasababu watu wanaweka Redux wakitarajia itavusha kikapu kwenda ukurasa mwingine wa PHP, haivushi. Kwenye apu ya ukurasa mmoja inaonekana kama inavuka kwasababu ukurasa haujaloadi upya kabisa. WhatsApp haiendi. Usalama sawa na propsi.

Mtandao na kazi: laibrari ni kilobaiti za ziada kwenye bando la mteja, Context yenyewe imo tayari. Ila Context thamani ikibadilika kila komponenti inayoisoma inachorwa upya, kwaiyo ukirundika lugha, kikapu, mtumiaji na maandishi ya kutafuta kwenye Context moja, kila herufi inayoandikwa inachora nusu ya ukurasa na kwenye simu nafuu unaiona inavyosuasua. Zigawe. Na komponenti inayochota stooni imeshafungwa kwenye stoo hiyo, kuihamisha mradi mwingine ni lazima uhame na stoo yake. Mi nawaacha wadogo wapokee propsi, wakubwa wa ukurasa ndo wachote stooni.

Inamfaa: apu yenye sehemu nyingi zinazosoma kitu kimoja kinachobadilika mara kwa mara.

Ukiwa hali hii, fanya hivi

Una kurasa chache za HTML, hakuna akaunti, oda zinakuja kwa kupigiwa simu: linki kwa kuchuja, localStorage kwa kikapu, imetosha. React huihitaji kwa sasa.

Una PHP au Laravel na wauzaji wanaingia: sesheni kwa kuingia na oda, linki kwa orodha. Kikapu cha mgeni kikae localStorage, akishaingia ukitume kwa seva ukiunganishe na cha kwake, na uamue mapema bidhaa ikiwa kote kote unajumlisha idadi au unachukua ya karibuni.

Unajenga apu ya React au Vue ya ukurasa mmoja: anza na propsi. Siku ukijikuta unapitisha kikapu kwenye komponenti zisizokihitaji ndo ulete Context au stoo, na kuchuja kuendelee kuishi kwenye linki, usikuhamishie stooni maana utawanyima watu kutumiana.

Lugha mbili, Kiswahili na Kifaransa: iweke kwenye anwani, kama `/sw/` na `/fr/`, mtu wa Kalemie akimtumia mwenzake aone Kifaransa hichohicho, afu kumbukumbu ya alichochagua iwe kwenye kuki ndogo ili seva imletee ukurasa sahihi tangu mwanzo akiandika anwani tupu.

Wateja wako wengi wako vijijini Buhigwe au mwambao wa ziwa ambako mtandao unakuja na kuondoka: rasimu na kikapu vikae kwenye simu kwanza, seva baadaye, na muonyeshe mtu waziwazi kwenye skrini kwamba oda yake bado haijatumwa.

Watumiaji wanashirikiana simu au kompyuta: sesheni fupi, kitufe cha Toka kikubwa kinachoonekana, sessionStorage badala ya localStorage, na kabla hujaiweka hewani fungua saiti, jaza kila kitu, toka, afu bonyeza kurudi nyuma uone kama majina ya mteja bado yanaonekana.